Upande B Ambao Hatukuwahi Kuusikia

Benchi letu liko Kitale, nyuma ya msikiti, pale njia ya sokoni inapojikunja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Lina miguu minne kwa hesabu ya fundi na mitatu kwa hesabu ya ukweli. Wa nne ulivunjika mwaka ule ambao hatupendi kuuongelea, na tangu hapo mtu anayekaa mwisho, upande wa ukutani, ndiye mguu: huliegemeza kwa paja lake. Sheria yetu ni moja tu: huyo wa mwisho haamki bila kutangaza, la sivyo kahawa ya wenzake inamalizikia mapajani. Sharif muuza kahawa ndiye Spika, kwa sababu birika liko mkononi mwake. Mimi naitwa Pasipoti. Nimefika Kigali nikiwa utingo wa lori, Muscat nikilinda ghala la tende, Juba nikiuza sabuni kwa watu waliokuwa na sabuni yao, na kutoka kote huko nilirudi na begi lile lile, jepesi kuliko nilivyoondoka nalo. Asubuhi ninayoisimulia ni ya mwaka 2009, mwaka wa kiangazi na mgao wa stima. Redio ya Sharif ilikuwa inakula betri, na mtangazaji alikuwa anafika mwisho wa Kumi Bora.

— Na namba moja wiki hii, mtangazaji akasema, ni kijana wetu wa Kitale, na wimbo wa "Lango Sijafunga"!

Tulipiga kelele hadi njiwa wa msikiti wakahama paa.

— Namba wani, bana! Bulutuu akasema. Nyuzi, wewe sasa ni staa. Si ununulie watu kahawa?

— Wewe ndiyo uninunulie, Nyuzi akajibu. Mimi niko na nauli ya kurudi tu.

Nyuzi ni Kipngeno, mpiga gitaa, mtu wa maneno machache na vidole virefu. Ndiye mguu wetu wa nne. Asubuhi hiyo alikuwa amekalia mwisho kama kawaida, lakini katikati ya miguu yake alikuwa na katoni iliyofungwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na kaseti zake, zile alizotoa Eldoret mwaka uliopita. Zilizouzwa zilinunuliwa na shemeji zake, na shemeji, kama unavyojua, hununua kwa hofu ya dada.

— Hiyo katoni inaenda wapi? Sharif akauliza.

— Namngoja Pasta Ngari. Anazichukua.

— Pasta anapenda muziki?

— Anapenda kaseti. Anaziba yale matundu mawili ya juu ya kaseti na selotepu, mashine inakubali kurekodi tena. Anaweka mahubiri yake.

Hapo vikombe vyote vikashushwa mapajani.

— Juu ya wimbo wako? Bulutuu akauliza. Juu ya namba wani?

— Jelimo mke wangu amesema nyumba ni ndogo. Kati yangu na katoni, mmoja alale nje. Na Jumatatu naingia kazi ya kupima maziwa pale kwa mtambo wa kupozea. Meneja ameniambia wazi, hataki mtu wa harusi za Jumamosi. Gitaa liko nyuma ya mlango, Jelimo ameanika nepi juu yake.

— Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!

Huyo ni Kimaiyo, mkulima wa mahindi na viazi kutoka miteremko ya Mlima Elgon. Tunamwita Hansard kwa sababu husikiliza Bunge kwenye redio akipalilia, na huja mjini kununua mbolea, akarudi nyumbani na hotuba.

— Hoja umepewa, Sharif akasema.

— Asante Bwana Spika. Mimi nauliza hii Nyumba: inawezekanaje mtu awe namba moja na hajauza hata kumi? Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo inaingilia wapi, Hansard? Sharif akauliza.

— Inaingilia hapa. Kaseti ilikuwa na utepe, ilikuwa inakunjika. CD na simu hazikunjiki. Ndiyo shida.

— Kaa chini, mheshimiwa.

— Niko chini.

Bulutuu akajikohoza. Jina lake ni Wekhuyi, mtu wa Myanga, kule Bungoma, na l na r kwake ni mapacha wasiojulikana nani alizaliwa kwanza. Anatengeneza simu kwenye kibanda kinachotoshana na kabati.

— Sikirizeni, akasema. Mimi sitaki rawama. Hakuna mtu amemsaidia Nyuzi kama mimi. Huo wimbo nimerushia watu kwa bluetooth mpaka betri ya simu ikafura kama mandazi. Kila mtu anakaa hii benchi, kabra kahawa ipoe, namwambia fungua simu, chukua wimbo ya kijana yetu.

Na ni kweli. Hiyo ilikuwa mila ya kijiwe. Mgeni akikaa, anapewa kikombe na anapewa "Lango". Madereva wa malori waliuchukua wakaushusha Webuye. Wa Webuye wakaupeleka Bungoma. Mimi mwenyewe nilimpa konda mmoja wa basi la Kampala, nikajiona balozi.

— Tulikuwa tunamtangaza, nikasema.

— Tena bure! Bulutuu akasema.

— Hiyo "bure" ndiyo naogopa, Sharif akasema, huku akifuta vikombe. Mimi kahawa yangu mkiitangaza kwa kuinywa bure, nitafunga leo jioni.

— Kahawa inaisha, Sharif, Bulutuu akasema. Wimbo hauishi.

— Wimbo hauishi, ee. Anayeisha ni mwenye wimbo.

Nyuzi akatabasamu upande mmoja. Hansard akaona nafasi.

— Lakini Bwana Spika, mimi nilipiga kura. Kumi Bora ni ya kura za SMS. Nilituma asubuhi, nikatuma jioni, nikatuma nikiwa kwa choo.

— SMS ya redio ni pesa ngapi? Sharif akauliza.

— Si kumi tu.

— Na ulituma ngapi, mheshimiwa?

— Kadiri bajeti iliruhusu.

— Na kaseti ni pesa ngapi?

— Mia... Hansard akaanza, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa gambuti.

Sikumcheka sana, maana na mimi nilikuwa nimetuma. Wiki ile redio ilikuwa imekula kwetu pesa za kununua rundo la kaseti, na hakuna aliyekuwa ameona njia hiyo fupi zaidi, ingawa katoni ilikuwa inapita mbele yetu kila siku ya soko.

— Unajua kosa ni nini? Bulutuu akasema ili kumwokoa. Kosa ni Nyuzi mwenyewe. Aliimba vizuri sana. Ungeimba vibaya kidogo, Nyuzi, hakuna mtu angekuibia.

— Na nani angenunua? Sharif akauliza.

— Hiyo ni shida ingine. Tusichanganye kamati.

— Mimi niko na suluhisho, Hansard akasema, kamba za gambuti zikiwa zimeshikamana vizuri. Haibridi.

— Nini?

— Haibridi, kama mahindi. Si hapa ndiyo nyumbani kwa mbegu? Ukipanda haibridi, unavuna. Ukichukua ile uliyovuna upande tena, inatoka kafupi, imepauka, gunzi la meno matatu. Ndiyo unarudi kununua mbegu kila mwaka. Sasa wimbo iwe hivyo. Ya kwanza kwa kaseti, tamu. Ukimrushia mtu, inatoka bila gitaa. Huyo akirushia mwingine, inatoka kikohozi peke yake.

Tuliangua kicheko, lakini Bulutuu alikuwa amekunja uso akifikiri.

— Hansard, hiyo si ya ujinga. Rakini virusi inaweza fanya hiyo.

— Mchimba kisima hungia mwenyewe! Hansard akasema kwa furaha.

— Huo ni wa kuchimba mtu, si wa kuchimba wimbo, Sharif akasema.

Sasa, mimi nikiona watu wanachekewa, roho yangu haitulii mpaka nichekewe mimi zaidi.

— Nilipokuwa Juba...

— Imeanza, Sharif akasema.

— Nilipokuwa Juba, kulikuwa na Mswidi mmoja wa kuchimba visima. Aliniambia kwao wameanza kitu. Wimbo haununuliwi tena. Hauwekwi hata kwenye simu. Uko mahali fulani kama maji kwa tangi la kanjo, la baraza la mji. Wewe unafungua mfereji, unasikiliza, unafunga. Na kila ukifungua, mita inasoma.

— Mita ya wimbo?

— Mita ya wimbo.

— Na nani anakuja kusoma mita? Bulutuu akauliza. Atabisha kwa mrango, "hodi, fungua simu"?

— Inajisoma.

— Na ikisoma, Nyuzi anapata ngapi? Sharif akauliza.

Hapo ndipo safari zangu hunisaliti. Nilimwuliza Mswidi swali hilo hilo, na jibu lake nilikuwa nalikumbuka vizuri sana.

— Kipande cha senti, nikasema.

— Senti nzima?

— Nimesema kipande.

Walicheka mpaka benchi likalia. Hansard alipangusa machozi kwa risiti ya mbolea.

— Pasipoti! Senti yenyewe hata kanisani haipokelewi, na sasa wataikata vipande? Kwa kisu gani?

— Watu wakiwa milioni, inajaza debe.

— Na Nyuzi atapata milioni ya watu wapi? Hata benchi yenyewe haijai.

— Na albamu? Nyuzi akauliza.

Aliuliza polepole, na kwa sababu huwa haulizi, tuligeuka wote.

— Albamu vipi?

— Huyo Mswidi wako. Mtu akifungua huo mfereji, anasikiliza kaseti yote ama anachota wimbo mmoja?

— Anachota anaopenda, nikasema. Albamu nadhani itakufa.

— Basi hawajavumbua kitu. Hiyo tuko nayo hapa. Akagusa katoni kwa kidole cha mguu. Humu mko na nyimbo nane. "Lango" ni ya kwanza. Ni moja tu mlirusha.

— Ndiyo ilikuwa kari, Bulutuu akasema.

— Ya pili inaitwaje?

Bulutuu akatazama simu yake kana kwamba ingemnong'onezea.

— Hansard? Upande B unaanza na nini?

— Hiyo... hiyo itajibiwa kwa maandishi, Bwana Spika.

— Pasipoti?

Nimejibu maswali ya askari wa mipaka sita. Kwa hilo nilipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Nilizipanga, Nyuzi akasema. Usiku na usiku, mpaka Jelimo akachoka na mimi. Hii ifuate hii, kwa sababu hii inauliza na ile inajibu. Sasa iko mtu anaimba namba moja na hajui kuna ya pili. Si ubaya wenu. Mimi pia wimbo za watu niko nazo kwa simu, na sijui walinunua gitaa na nini.

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililouma zaidi. Sharif alimjazia kikombe bila kuulizwa.

Kengele ya baiskeli ikalia. Pasta Ngari akashuka, suruali yake imebanwa kwa klipu za nguo, uso umejaa wema na vumbi.

— Bwana asifiwe, wazee wa kijiwe.

— Karibu Pasta. Kahawa?

— Nikirudi. Ndugu Kipngeno, Mungu akubariki. Hizi zitafika kwa wagonjwa, wale hawatoki kitandani na hawana simu ya kuimba. Zitaokoa watu.

— Sawa Pasta. Mimi zimeshindwa kuniokoa.

— Pasta, rakini, Bulutuu akasema, utafuta wimbo zote?

— Sifuti, ndugu. Nafunika na Neno.

Nyuzi mwenyewe alimsaidia kufunga katoni kwenye keria. Kabla ya kuamka alitangaza, kama sheria inavyotaka: "Naamka jamani." Tukashika vikombe. Alipiga mafundo mawili, akalivuta la pili, akarudi kukaa mahali pake. Pasta akauliza selotepu inauzwa wapi, Sharif akamwelekeza dukani kwa Shamira, karibu na kituo cha petroli. Kengele ikalia tena, mara hii ikienda.

— Haraka haraka, Hansard akaanza, lakini hakumaliza.

Sharif alizima redio kuokoa betri, na Bulutuu akawa anafungua simu ya mteja ambayo haikuwa imeharibika. Hapo ndipo mama mmoja alipotokea upande wa stendi, kitambaa kichwani, viatu mkononi, akisoma sura zetu moja moja kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

— Mulembe, mayi, Bulutuu akasema, maana Mbukusu humjua mwenzake kwa hatua.

— Mulembe, mwana. Mimi ni Bilha. Natoka Kabuchai. Hapa ndio nyuma ya msikiti?

— Ndiyo hapa mama, Sharif akasema. Karibu ukae. Umetoka mbali.

Tulijibana. Mama akakaa katikati, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

— Nimeambiwa hapa kuna watu wanajua ule wimbo ya lango.

— Wimbo! Bulutuu akaruka kama aliyeitwa kupewa zawadi. Mama, umefika. Toa simu nikulushie saa hii, bure kabisa.

Mama akatoa simu. Ilikuwa ile ndogo ya tochi, mulika mwizi, ambayo kazi yake ni kupiga, kupokea na kumulika choo.

— Hii haishiki wimbo, mayi.

— Najua haishiki. Sitaki kurushiwa. Nataka kaseti. Kijana wa shemeji yangu alikuja matanga, akatuchezea kwa simu yake, watu wakalia. Kisha akarudi Nairobi na wimbo yake kwa mfuko. Mzee wangu akabaki anauliza, iko wapi? Tuko na redio ya kaseti. Kitu umenunua haipandi gari na mtu. Sasa, inauzwa duka gani?

Sharif akamtazama Hansard. Hansard akanitazama. Mimi nikautazama msikiti.

— Duka, mama, nikasema, duka hasa...

— Ama mmoja wenu aniuzie yake. Nitaongeza kitu, mununue ingine. Nyinyi mko karibu na mwenyewe, si kila mtu ako nayo?

Nimewahi kukamatwa na tende mfukoni pale Muscat, mbele ya mwenye ghala. Kule nilipata la kusema.

— Mama, Hansard akasema, bila Bwana Spika, bila wahenga. Kwani mzee anaipendea nini hiyo wimbo?

Mama Bilha akaweka kikombe chini.

— Kijana yetu alienda kutafuta kazi, ni mwaka ya tatu. Hajapiga simu. Mzee wangu, tangu hiyo siku, hafungi lango. Ng'ombe ya watu inaingia inakula mahindi, hafungi. Watu wanamcheka. Sasa akasikia mtu kwa simu anaimba, lango sijafunga, utapita bila kubisha. Akaniambia, Bilha, huyu mtu ameimba boma yangu. Saa hii amelala, miguu imekataa. Kila jioni ananiuliza swali moja, na mimi sina jibu, kwa sababu simu ilikuwa na wimbo moja peke yake. Lakini huyo kijana alituambia iko kaseti mzima, na wimbo zingine.

Akatuangalia, mmoja baada ya mwingine, kwa upole kabisa.

— Sasa nyinyi mmesikia yote. Yule mtu aliachiwa lango wazi, alirudi?

Bulutuu aliyekuwa ameurusha wimbo huo mpaka betri ikafura alishika simu kwa mikono miwili kama kifaranga. Hansard alitazama gambuti zake. Sisi ndio tulioipa nchi nzima lango, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kama kuna mtu aliyepita.

— Mama, Sharif akasema kwa sauti ndogo, jibu analo mtu mmoja tu hapa, ni huyu...

Hakumaliza. Kwa mara ya kwanza tangu mguu uvunjike, mtu wa mwisho aliamka bila kutangaza. Benchi lilienda na sisi. Kahawa ya Hansard ilipita hewani, yangu ikanikalia kwenye suruali ya Muscat, Bulutuu akamdaka mama kabla hajagusa chini. Tulipoinua vichwa, Nyuzi alikuwa keshapita kona, shati limetoka suruali, anakimbia kuelekea petroli, dukani kwa Shamira, akipaza sauti:

— Pasta! Pasta, usibandike!

Mama Bilha alijipangusa vumbi, akatazama kule alikoelekea.

— Huyo kijana anakimbilia nini?

Hansard, mwenye methali kwa kila ajali, alikuwa amekaa kwenye vumbi bila hata moja.

— Upande B, mama, Sharif akasema. Kaa kidogo, anakuja.

Alilipindua birika, likatoa kikombe kimoja cha mwisho, akampa. Sisi tukaliinua benchi. Hansard akapiga goti akalishika kwa chini, upande wa ukutani, ili mama akae vizuri, na ile nafasi ya mwisho tukaiacha wazi.